Homa isiyo malaria: Mbwa, ng'ombe na mchimbaji wa Geita

KATIKA zahanati na maduka mengi ya dawa ya Kanda ya Ziwa, mgonjwa anayelalamika homa, kichwa na maumivu ya viungo hutarajia kusikia moja ya majibu matatu: malaria, taifodi au UTI. Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Lakini kuna kundi la magonjwa ambalo jina lake halitajwi kabisa, ingawa vimelea vyake vinaishi uani kwa mgonjwa huyo huyo, katika figo za ng'ombe wake na katika mkojo wa mbwa anayelinda zizi lake.

Magonjwa hayo ni ya bakteria wanaoambukizana kati ya mbwa, ng'ombe na binadamu. Mawili kati yake yanastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi katika mikoa ya Shinyanga na Geita: homa ya mgunda, ambayo wataalamu huiita leptospirosisi, na ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela. Yote mawili yana tiba. Yote mawili yanaweza kuzuilika. Tatizo ni kwamba yote mawili huanza na homa ya kawaida, na homa ya kawaida katika ukanda huu tayari ina majina yake.

Hoja ya makala haya ni kwamba mazingira ya ukanda wa dhahabu, pale ufugaji wa asili na uchimbaji mdogo vinapokutana katika kijiji kimoja, yanaifanya hatari hiyo kuwa kubwa kuliko inavyodhaniwa, na kwamba mfumo wetu wa kuigundua umegawanywa katika wizara mbili ambazo kila moja inaona nusu tu ya mgonjwa.

Somo la Ruangwa

Watanzania wengi walisikia habari za homa ya mgunda kwa mara ya kwanza Julai 2022. Katika Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, wananchi walianza kuugua homa, kichwa na uchovu, na baadhi yao wakatokwa damu puani. Hofu ilitanda kwamba ni ugonjwa wa virusi kama ebola. Vipimo vya ebola, Marburg na Uviko-19 vilitoka bila kuonyesha virusi hivyo, na Julai 18 mwaka huo Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni leptospirosisi. Watu 20 walikuwa wamebainika kuugua, na watatu kati yao walikuwa wamefariki dunia.

Jina la homa ya mgunda liliteuliwa vizuri. Neno mgunda katika lugha kadhaa za Kibantu nchini humaanisha shamba, na bakteria wa Leptospira kweli ni wa shambani. Hukaa katika figo za wanyama, hutoka kwa njia ya mkojo, na huweza kuishi kwa wiki kadhaa au hata miezi katika udongo wenye unyevu na maji yaliyotuama. Humwingia binadamu kupitia mikwaruzo ya ngozi, macho, pua au mdomo. Mtu hahitaji kuumwa na mnyama wala kula nyama yake. Inatosha kuingia majini akiwa na kidonda mguuni.

Kinachofanya ugonjwa huu uwe mgumu kudhibiti ni kwamba mnyama anayeubeba huenda asionyeshe dalili yoyote. Ng'ombe aliyeambukizwa anaweza kutoa bakteria kwa miezi mingi huku akila na kunenepa. Mbwa naye ni hivyo hivyo. Mfugaji hana sababu ya kumshuku mnyama mzima.

Kwa kiwango cha dunia, watafiti waliochapisha makadirio yao mwaka 2015 walisema ugonjwa huu huwapata watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka na kuua wapatao 58,900. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea katika nchi za joto zenye mvua nyingi na vipimo vichache, na nchi yetu ni mojawapo.

Ugonjwa uliogunduliwa kwa wachimbaji

Ni jambo la kuzingatia kwamba bakteria wa homa ya mgunda aligunduliwa kupitia wachimbaji wa madini. Dalili za ugonjwa zilikuwa zimeelezwa mwaka 1886 na daktari Adolf Weil wa Heidelberg, Ujerumani, lakini kisababishi hakikujulikana. Ilikuwa Japani, katika kisiwa cha Kyushu, ambako Ryokichi Inada na Yutaka Ido walimtambua bakteria huyo mwaka 1915 kwa kuwachunguza wagonjwa waliokuwa wakifanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe. Waliougua zaidi walikuwa wale waliofanya kazi kwenye sehemu zenye maji. Muda mfupi baadaye ikaonekana kwamba panya ndio waliokuwa wakieneza bakteria hao.

Zaidi ya karne moja imepita, na mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Lwamgasa au Mgusu mkoani Geita, au wa Mwakitolyo mkoani Shinyanga, anafanya kazi katika mazingira ambayo madaktari hao wa Japani wangeyatambua mara moja. Duara huchimbwa kwa mkono, na mvua zinapoanza hujaa maji ambayo lazima yavutwe kwa pampu kabla kazi haijaendelea. Mawe yakishasagwa kwenye karasha hupelekwa mwaloni kuoshwa, ambako mtu husimama kwenye tope kutwa nzima, mara nyingi bila viatu vya mpira wala glovu. Mikwaruzo ya mawe kwenye mikono na miguu ni sehemu ya kazi.

Tofauti moja ni kwamba mgodi wa Kyushu haukuwa na zizi la ng'ombe jirani. Duara la Geita linalo. Wachimbaji wadogo wengi wa ukanda huu ni wakulima na wafugaji pia. Wengine huchimba wakati wa kiangazi na kurudi kwenye majaruba ya mpunga mvua zinaponyesha. Ng'ombe hunywa kwenye lambo lile lile ambalo maji yake huchotwa kwa ajili ya mwalo, na wakati mwingine huingia hadi kwenye mashimo yaliyoachwa, ambayo hugeuka kuwa mabwawa madogo. Mbwa nao wako kila mahali: nyumbani, malishoni, kwenye makaro ya kuchinjia na kwenye maeneo ya uchenjuaji, ambako hufugwa kwa ajili ya ulinzi wa usiku.

Mchimbaji huvuta hisia za taifa ardhi inapomfunika. Mwaka 2015 nchi nzima ilifuatilia habari za wachimbaji watano wa Nyangarata, Kahama, waliotolewa wakiwa hai baada ya kukaa chini ya ardhi kwa siku 41. Mwaka 2017 ikawa zamu ya wachimbaji 15 waliokwama mgodini Nyarugusu, Geita, na kuokolewa. Lakini anayeugua homa wiki mbili baada ya kusimama mwaloni hana kikosi cha uokoaji. Ananunua dawa ya malaria, akipata nafuu anarudi kazini, na asipopata nafuu anarudishwa kijijini kwao.

Nafasi ya mbwa

Katika jamii za wafugaji wa Kisukuma mbwa si mnyama wa anasa. Ni mlinzi wa zizi dhidi ya fisi na wezi, na ni mwenzake kijana anayechunga. Hulala mlangoni kwa zizi, hufuata ng'ombe malishoni, hunywa maji waliyokojolea na hula kinachobaki machinjoni. Kwa mtazamo wa bakteria, mbwa huyo ni daraja linalotembea kati ya kundi moja la ng'ombe na jingine, na kati ya zizi na jiko.

Kila aina ya bakteria wa Leptospira ina mnyama wake inayempendelea. Ipo aina iitwayo Hardjo ambayo kwa kawaida hukaa kwa ng'ombe, na ikiingia zizini husababisha kutupa mimba na kupungua kwa maziwa. Ipo nyingine iitwayo Canicola ambayo makazi yake ya kawaida ni mbwa. Mipaka hiyo, hata hivyo, haina ukuta. Ng'ombe huweza kuambukizwa aina ya mbwa, na mbwa akaambukizwa ya ng'ombe au ya panya. Ndiyo maana mnyama mmoja akipimwa peke yake hawezi kueleza chanzo cha ugonjwa katika kaya.

Nchini mwetu jambo hili halianzi leo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, walichapisha tangu mwaka 1997 matokeo yanayoonyesha kwamba wanyama katika maeneo kadhaa ya Tanzania, wakiwamo mbwa, walikuwa wamewahi kukutana na bakteria hao. Aina mojawapo iliyopatikana kwa ng'ombe wa Morogoro hata imepewa jina la Sokoine. Utafiti mwingine wa SUA, uliochapishwa mwaka 2015, ulifanyika Katavi na Rukwa, maeneo ambako wafugaji wengi kutoka Usukumani wamehamia na mifugo yao. Humo, takriban watu 30 kati ya kila 100 waliopimwa walikuwa na kingamwili za leptospirosisi, na kiwango kwa ng'ombe kilikuwa karibu sawa na hicho.

Takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu. Kingamwili huonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na bakteria, na si lazima mtu awe mgonjwa siku aliyopimwa. Aidha, Katavi si Geita. Lakini aina ya maisha ni ile ile: ng'ombe wengi, mbwa wa kulinda, maji ya pamoja na nyumba iliyo hatua chache kutoka zizini. Ukanda wa dhahabu unaongeza juu ya hayo maelfu ya watu wanaofanya kazi ndani ya maji na tope.

Kutupa mimba: hasara ya zizi, homa ya nyumba

Ugonjwa wa pili, brusela, una historia ndefu zaidi katika kumbukumbu za serikali. Uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1927, Arusha. Kwa Kanda ya Ziwa, andiko la kitaalamu la mwaka 1996 lilieleza kuwapo kwa ugonjwa huo katika makundi ya ng'ombe wa eneo hilo, na kuonya juu ya athari zake kwa afya ya binadamu wakati ambapo maambukizi ya Virusi vya Ukimwi yalikuwa juu. Onyo hilo lilitolewa kabla mgodi mkubwa wa Geita haujaanza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, na kabla miji ya Katoro na Kakola haijafurika watu wanaohitaji nyama na maziwa kila asubuhi.

Ng'ombe mwenye brusela kwa kawaida hutupa mimba katika miezi ya mwisho. Kijusi, kondo la nyuma na majimaji yanayotoka hubeba bakteria wengi mno. Hapo ndipo mbwa anapoingia tena. Katika vijiji vingi mabaki hayo hutupwa nje ya zizi, na mbwa huyala au kuyaburuta hadi kwenye boma la jirani. Mbwa anaweza kuambukizwa kwa njia hiyo na kuwa mgonjwa mwenyewe, na hata asipougua amekwisha kuyasambaza malishoni. Jirani ambaye hakununua ng'ombe mpya wala kuchanganya mifugo yake anashangaa mitamba yake inapoanza kutupa mimba.

Binadamu hupata brusela kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, kwa kumsaidia ng'ombe kuzaa kwa mikono mitupu, au kwa kazi ya machinjoni. Dalili zake huja na kuondoka: homa ya jioni, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na magoti, uchovu usioisha. Kwa wanaume huweza kuleta uvimbe wa korodani. Mjamzito anaweza kupoteza mimba. Mgonjwa wa aina hii huzunguka zahanati moja hadi nyingine kwa miezi, na mwisho huambiwa ana taifodi sugu, au jamaa huanza kutafuta aliyemroga.

Ugonjwa huu hautibiki kwa dozi ya siku tatu au tano. Mwongozo unaotumika duniani ni dawa mbili kwa pamoja, kwa kawaida doksisaiklini na rifampisini, kwa wiki sita. Anayenunua vidonge vichache dukani hupata nafuu ya muda, kisha homa hurudi. Familia hulipa mara nyingi kwa ugonjwa ambao ungelipiwa mara moja.

Kwa mfugaji hasara ni mbili. Kwanza hupoteza ndama na maziwa ya msimu mzima. Pili hupoteza nguvu kazi ya mtu mzima anayelala na homa. Katika jamii ambayo ng'ombe ni benki, mahari na ada ya shule, mimba tano zilizotupwa zizini ni mtoto anayekaa nyumbani wakati wenzake wakienda sekondari.

Orodha ya magonjwa ya kundi hili haiishii hapo. Iko homa ya Q, ambayo huenea kwa vumbi la zizi na kondo la nyuma, na ziko homa zinazoletwa na kupe, kwani kupe hachagui sana kati ya mbwa, ng'ombe na mchungaji wao. Iko pia kimeta, ambacho mbwa huvumilia zaidi kuliko ng'ombe, lakini huweza kubeba vipande vya mzoga na kuvitawanya. Lakini homa ya mgunda na brusela zinatosha kuonyesha udhaifu wa mfumo.

Kile ambacho Kilimanjaro ilikigundua

Ushahidi wenye nguvu zaidi kuhusu ukubwa wa tatizo hili nchini haukutoka Kanda ya Ziwa, ulitoka Moshi. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalishtua wengi. Asilimia 60.7 ya wagonjwa hao walidhaniwa kuwa na malaria, lakini malaria ilikuwa chanzo halisi kwa asilimia 1.6 tu. Miongoni mwa waliofanyiwa vipimo vya kina, zaidi ya robo walikuwa na magonjwa ya bakteria yatokanayo na wanyama, na leptospirosisi ndiyo iliyoongoza.

Je, matokeo hayo yanaweza kuhamishiwa Geita? Kwa ukamilifu, hapana. Moshi ni eneo lenye malaria kidogo. Geita si hivyo. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliiweka Geita nyuma ya Kigoma tu kwa kiwango cha maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano, takriban asilimia 17. Daktari wa Geita anayeshuku malaria ana sababu nzuri ya kufanya hivyo.

Lakini hapa ndipo penye mtego. Katika eneo lenye malaria nyingi, mtu mzima anaweza kuwa na vimelea vichache vya malaria katika damu huku kinachomuumiza ni kitu kingine. Kipimo cha haraka kinasema kweli kwamba vimelea vipo, lakini hakisemi kama ndivyo vyenye kosa. Na kikisema hakuna malaria, swali linalofuata halina kipimo. Vipimo hivyo, vilivyoenea nchini baada ya Shirika la Afya Duniani kusisitiza mwaka 2010 kwamba kila homa ipimwe kabla ya dawa, vimetuonyesha idadi kubwa ya watu wenye homa isiyo malaria. Bado hatujawapa majibu watu hao. Tumewapa antibiotiki yoyote iliyopo.

Matumizi hayo ya kubahatisha yana gharama nyingine. Dawa za jamii ya tetrasaiklini zinatumika kwa wingi kwa mifugo, mara nyingi mfugaji akijichomea mwenyewe sindano bila ushauri. Doksisaiklini ya binadamu ni ya jamii hiyo hiyo. Kila dozi isiyo sahihi, iwe zizini au chumbani, huwazoesha bakteria mbalimbali dawa ambazo kesho tutazihitaji.

Wizara mbili, mgonjwa mmoja

Tanzania haina upungufu wa nyaraka kuhusu jambo hili. Ipo Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya mwaka 2003. Mwaka 2017 wataalamu wa sekta zote waliiweka brusela miongoni mwa magonjwa sita ya kipaumbele yanayohusisha wanyama na binadamu, pamoja na kichaa cha mbwa, kimeta, homa ya bonde la ufa, malale na mafua ya wanyama. Mwaka 2018 likazinduliwa rasmi Dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ili daktari wa binadamu na daktari wa mifugo wazungumze lugha moja.

Leptospirosisi haikuwamo katika orodha hiyo ya sita. Miaka mitano baadaye ikatokea Ruangwa.

Hata kwa brusela iliyomo, umbali kati ya Dodoma na kijiji ni mkubwa. Ng'ombe akitupa mimba Nyang'hwale, taarifa, kama itatolewa, huenda kwa ofisa mifugo wa kata. Mke wa mfugaji huyo akiharibu mimba wiki mbili baadaye, taarifa huenda kwa mganga wa zahanati. Hakuna daftari linalokutanisha matukio hayo mawili, ingawa huenda chanzo ni kimoja. Mbwa aliyekula kijusi hayumo katika daftari lolote.

Mbwa kwa kweli huonekana na Serikali kwa sababu moja tu, nayo ni kichaa cha mbwa. Kampeni za chanjo za kila mwaka ni jambo jema na zimeokoa maisha. Lakini chanjo ya kichaa cha mbwa haizuii homa ya mgunda. Chanjo ya mbwa dhidi ya leptospirosisi ipo duniani, ila gharama yake na mahitaji ya kuirudia huifanya iwe ya mbwa wa mijini wenye kadi ya daktari kuliko mbwa wa zizi la Mbogwe.

Juni 2025 Serikali ilizindua huko Bariadi, Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Magonjwa yaliyolengwa ni homa ya mapafu kwa ng'ombe, sotoka kwa mbuzi na kondoo, na mdondo kwa kuku. Ni hatua kubwa kwa nchi ambayo sensa ya kilimo ya mwaka 2019/20 ilihesabu ng'ombe zaidi ya milioni 33. Lakini si brusela wala homa ya mgunda iliyomo katika orodha hiyo, na mbwa hahusiki. Jambo la kutia moyo ni kwamba njia imefunguliwa: timu zikishafika zizini na ng'ombe wakishavishwa hereni za utambuzi, kuongeza chanjo ya brusela kwa mitamba, ambayo imetumika duniani kwa miongo mingi, ni kazi nyepesi kuliko kuanza upya.

Nini kifanyike

Wapo watakaosema jawabu ni kuua mbwa. Hilo ni jawabu baya. Mbwa akiuawa leo mwingine huletwa kesho, kwa kuwa fisi na mwizi hawajaondoka. Tena mbwa si chanzo pekee. Panya wamo, na ng'ombe wenyewe wamo. Kumwondoa mmoja kati ya watatu hakuvunji mzunguko.

Wapo pia watakaotaja mfano wa nchi tajiri, zilizopima ng'ombe wote na kuwachinja wenye brusela. Uingereza ilifika hapo mwaka 1985, na Ireland ya Kaskazini ikachelewa hadi mwaka 2015. Lakini nchi hizo zililipa fidia kwa kila ng'ombe. Kumwambia mfugaji wa Kishapu amchinje ng'ombe mzima machoni bila fidia ni kumfundisha kuficha ugonjwa.

Yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza halina gharama kubwa: kijusi na kondo la nyuma vifukiwe kwenye shimo refu au vichomwe, na mbwa asiviguse. Anayemsaidia ng'ombe kuzaa avae glovu au mifuko ya nailoni mikononi. Maziwa yachemshwe, hata yale yanayokusudiwa kugandishwa, kwani kuganda peke yake si kinga ya kutegemewa. Maelekezo haya yanaweza kutolewa na mtendaji wa kijiji, redio za mikoa na mikutano ya hadhara, kwa Kiswahili na Kisukuma.

La pili ni kwa wachimbaji. Leseni ya uchimbaji mdogo huambatana na masharti ya usalama, lakini usalama hueleweka kama matimba na milipuko tu. Viatu vya mpira, glovu, maji safi ya kunawa na kufunika vidonda viwe sehemu ya masharti ya mwalo. Mashimo yaliyoachwa yafukiwe au yazungushiwe uzio ili ng'ombe na mbwa wasiyageuze kuwa mabirika.

La tatu ni maabara. Kipimo kinachoaminika zaidi cha leptospirosisi huhitaji bakteria hai na wataalamu waliobobea, na utaalamu huo nchini umejengwa zaidi SUA, Morogoro, mamia ya kilomita kutoka Geita. Kwa mikoa miwili ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu jumla ya watu zaidi ya milioni 5, huo ni umbali usiokubalika. Bugando iko Mwanza, hospitali ya kanda iko Chato, na Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo Mwanza. Taasisi hizo zikiunganishwa, sampuli ya ng'ombe na ya mfugaji wake zinaweza kusomwa kwa pamoja.

Fedha? Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanazitaka kampuni za migodi kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kwa miaka kadhaa sasa fedha hizo zimejenga madarasa, vituo vya afya na masoko, na wananchi wanashukuru. Madiwani wa Geita na Msalala wangeweza kuuliza, katika mpango wa mwaka ujao, ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya kujua kinachowaumiza watu wanaolazwa katika vituo hivyo.

La nne ni swali moja tu. Mganga anayempokea mgonjwa mwenye homa ambayo kipimo kimesema si malaria aulize: unafuga nini, na unafanya kazi wapi? Swali hilo halihitaji bajeti. Mgonjwa akijibu kwamba wiki iliyopita alisimama mwaloni, au kwamba ng'ombe wake wawili wametupa mimba, mganga atakuwa amepata nusu ya jibu kabla ya kushika kalamu. Akichelewa kupata vipimo, bado ana sababu ya kitaalamu ya kuchagua dawa, kwa kuwa homa ya mgunda husikia penisilini na doksisaiklini ikiwahiwa mapema, kabla figo na mapafu havijaguswa.

Ruangwa ilitoa tahadhari kwa sababu watu walitokwa damu, na damu haifichiki. Ukanda wa dhahabu hauna sababu ya kusubiri ishara ya namna hiyo. Mvua za vuli zinapojaza maduara na majaruba kila mwaka, ng'ombe, mbwa na watu hukutana tena kwenye maji yale yale. Halmashauri, waganga wa wilaya na maofisa mifugo wanaijua tarehe hiyo mapema, na hawana udhuru wa kusema ugonjwa uliwashtukiza.